Mnara na Maneno: Kanisa la Kale la Bagamoyo katika Historia ya Kiswahili



1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata maandishi: hati za tenzi, vitabu vya sarufi, kamusi, na maazimio ya kamati za lugha. Njia hiyo ni ya lazima, wala sikusudii kuibeza. Hata hivyo, zipo sehemu ambazo mtafiti wa lugha hana budi kuzifikia kwa miguu yake, kwa kuwa maana za maneno fulani zilibadilika pale, mbele ya watu wa pale, na kwa sababu zinazoonekana hadi leo katika mawe na makaburi. Katika mhadhara huu ninawaalika tuzuru mahali pamoja pa namna hiyo, yaani kanisa la misheni ya Bagamoyo, katika mji mdogo ulio kilomita zipatazo 65 kaskazini ya Dar es Salaam.

Hoja yangu ya msingi ina pande mbili. Kwanza, maneno kama mkombozi, bwana, mtumwa na huru, ambayo leo tunayasikia kanisani kama maneno ya imani au jukwaani kama maneno ya siasa, yalitamkwa Bagamoyo mbele ya watu ambao kwao hayakuwa mafumbo hata kidogo. Pili, taaluma yetu ya Kiswahili ina deni kwa watu hao. Walikuwa miongoni mwa wasemaji ambao lugha yao ilisikilizwa na kuandikwa, lakini majina yao hayamo katika vitabu tunavyovinukuu.

2. Mji na Misheni

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa pwani wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Meno ya ndovu yalishuka hapo yakivushwa kwenda Unguja. Watu waliotekwa nao walishuka hapo. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika kwa maelfu kila mwaka, wakapiga kambi, wakalipwa, wakarudi. Jina lenyewe la mji husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni wito wa mpagazi anayetua mzigo: bwaga moyo, pumzika. Wapo wanaosema ni kilio cha mateka anayeacha moyo wake bara kabla ya kupanda chombo. Sina haja ya kuamua hapa ipi ni asili ya kweli. Inatosha kuona kwamba neno moja limebeba kumbukumbu za aina mbili za wasafiri, mmoja aliyekwenda kwa ujira na mwingine aliyekwenda kwa minyororo.

Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamekwishafika Unguja mwaka 1860, chini ya Padri Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, likiongozwa huko na Padri Antoine Horner. Mwezi Machi 1868, wakati wa utawala wa Seyyid Majid, shirika hilo lilianzisha misheni Bagamoyo. Kiini cha jumuiya hiyo mpya kilikuwa watoto walionunuliwa katika soko la watumwa la Unguja. Walipokua wakaozwa na kupewa makao katika kijiji cha Wakristo kilichokuwa kando ya misheni. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Seyyid Barghash aliutia saini na ambao ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini, wengine waliletwa baada ya kuokolewa katika majahazi yaliyokamatwa.

Tusiipambe picha hii. Mtoto aliyenunuliwa sokoni hakuulizwa anataka kwenda wapi. Misheni ilikuwa na mashamba, karakana na shule, na maisha yalikwenda kwa mlio wa kengele. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu uinjilishaji wa watumwa na chimbuko la Ukatoliki Afrika Mashariki, ameonyesha kwa kutumia kumbukumbu za wamisionari wenyewe kwamba wapo waliotoroka misheni kama walivyotoroka watumwa wa mjini. Uhuru ulioahidiwa na nidhamu iliyotakiwa vilikaa nyumba moja, na maisha ya wakazi yalikuwa ni kutafuta nafasi kati ya viwili hivyo.

3. Kutoka Barazani hadi Mnarani

Mgeni anayeizuru misheni leo hupita chini ya miembe mikongwe iliyopangwa safu mbili. Mbele yake yapo majengo makubwa ya mawe ya matumbawe na chokaa: nyumba ya mapadri iliyoanza kujengwa mwaka 1873, na nyumba ya masista ya mwaka 1876, ambayo sasa ni makumbusho. Kanisa linalotumika, lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, ni pana na refu kuliko mahitaji ya mji wa wakati huo. Karibu nalo umesimama mnara mfupi, mnene, wa kanisa la kwanza. Nje kidogo yapo makaburi ya mapadri na masista, wengi wao wakiwa wamekufa vijana kwa homa.

Mnara huo wa zamani ndio unaowavuta wageni wengi, nao hujulikana kwa jina la Livingstone. Sababu yafahamika. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiwamo Chuma, Susi na Jacob Wainwright, waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miezi mingi hadi pwani, na mwezi Februari 1874 ukalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Tarehe 18 Aprili mwaka huohuo ulizikwa Westminster Abbey, London.

Naomba msikilizaji azingatie jambo moja. Mnara umepewa jina la maiti iliyobebwa, wala haukupewa jina la waliobeba. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa katika msafara wa watumwa akiwa kijana. Wainwright alisomeshwa Nasik, India, pamoja na watoto wengine wa Kiafrika waliookolewa katika majahazi. Msafara wao ulikusanya watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha njiani ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo, anayesimama chini ya mnara ule na kumkumbuka Livingstone peke yake amesoma nusu ya ukurasa.

4. Maneno ya Kanisa Yalitoka Wapi?

Neno mnara lenyewe ni funzo la kwanza. Asili yake ni Kiarabu, manāra, mahali pa nuru au pa moto. Wenyeji wa pwani walilitumia kwa msikiti kabla kanisa la Bagamoyo halijajengwa. Wamisionari walipojenga mnara wa kengele hawakulazimika kubuni neno. Walilikuta.

Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya msamiati wa Ukristo katika Kiswahili. Kanisa, msalaba, injili, malaika, dhambi, sala, ibada, nabii na bikira ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mengi kati yake yalikuwa ya kawaida katika vinywa vya Waislamu wa pwani. Padri ni la Kireno, kumbukumbu ya mapadri waliofuatana na Wareno tangu karne ya 16. Mungu ni la Kibantu. Roho Mtakatifu ni ndoa ya lugha mbili: roho kutoka Kiarabu, na mtakatifu kutokana na kitenzi cha Kibantu, takata, yaani kuwa safi. Yaliyoletwa mapya na Wakatoliki ni machache ukilinganisha na hayo: misa, altare, sakramenti, ekaristi. Hata hapo, madhabahu, ambalo ni la Kiarabu, liliendelea kutumika sambamba na altare. Neno Noeli, wanalolitumia Wakatoliki pale wengine wasemapo Krismasi, linatuonyesha mkono wa wamisionari Wafaransa.

Ni kosa, basi, kusema kwamba wamisionari walikipa Kiswahili lugha ya dini. Lugha ya dini ilikuwapo, imepikwa na kuiva kwa karne nyingi misikitini, madrasani na katika tenzi. Kanisa la Bagamoyo liliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa na majirani zake. Yafaa kukumbuka pia kwamba misa yenyewe ilisomwa kwa Kilatini hadi mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Kiswahili kilikuwa lugha ya mahubiri, ya mafundisho ya katekisimu, ya nyimbo, ya kazi na ya ugomvi wa uani. Altareni hakikupewa nafasi kubwa, lakini maisha yote yaliyozunguka altare yalikwenda kwa Kiswahili.

5. Maneno Ambayo Hayakuwa Mafumbo

Sasa nije kwenye kiini cha mhadhara. Kitenzi komboa, katika matumizi ya pwani, ni kulipa mali ili kukirudisha kitu kilichowekwa rehani, au kulipa fedha ili kumtoa mtu utekani. Ni neno la sokoni. Wahubiri walipolichagua kueleza kazi ya Kristo, walifuata mapokeo ya kale ya Kanisa, kwa maana Kilatini nacho kinasema redemptio, yaani kununua tena. Barani Ulaya, msikilizaji wa karne ya 19 alilichukulia neno hilo kama picha. Bagamoyo, aliyeketi sakafuni akisikiliza mahubiri aliwahi kuona fedha ikihesabiwa kwa ajili yake. Alijua bei ni kitu gani. Alijua pia kwamba baada ya kukombolewa mtu huwa chini ya aliyemkomboa. Swali la kiteolojia, kama mkombozi humwacha mtu huru au humpata kuwa wake, lilikuwa swali la maisha yake ya kila siku.

Chukueni neno bwana. Mtumwa wa mjini alimwita mmiliki wake bwana. Kanisani Bwana alikuwa Mungu. Chukueni mtumwa na mtume. Yote mawili yametokana na tuma: mtumwa ni anayetumwa, mtume ni aliyetumwa. Mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Paulo hujitambulisha kwa sifa hizo mbili, na katika tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka zimekaa katika sentensi moja. Kwa mwanafunzi wa mofolojia huo ni mfano mzuri wa unyambuaji. Kwa kijana wa misheni, aliyetolewa utumwani na sasa anaandaliwa kuwa katekista wa kupelekwa bara, umbali kati ya maneno hayo mawili ulikuwa ni safari ya maisha yake. Misheni zilizozaliwa na Bagamoyo, kama Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, zilianzishwa kwa msaada wa familia za Wakristo wa namna hiyo.

Yapo pia maneno ya mji ambayo misheni haikuyataka lakini haikuweza kuyazuia. Mjinga, katika karne ya 19, lilimtaja mtumwa mgeni aliyetoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Mzalia alikuwa aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa. Mwungwana alikuwa mtu huru wa asili. Maneno hayo yalikuwa ngazi, na aliyepanda ngazi hiyo alipanda kwa kujua Kiswahili. Leo mjinga ni asiyejua jambo lolote, na uungwana ni adabu njema ya mtu yeyote. Maana zimepoa, lakini kovu limebaki ndani ya neno. Nalo neno huru, kutoka Kiarabu ḥurr, lilikuwa kwanza hali ya mtu mmoja mbele ya sheria kabla halijawa, mwaka 1961, hali ya taifa zima la Tanganyika.

Ni haki kuongeza kwamba mlango wa kanisa haukuwa mlango wa pekee wa kutokea utumwani. Mjini Bagamoyo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa mtoto, akawa mwenye elimu na mali, na hatimaye kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria hadi kufariki kwake mwaka 1931. Msikitini na kanisani, watu waliotoka bara bila ukoo pwani walitafuta kitu kilekile: jina, jamaa, na nafasi ya kuketi. Kiswahili kiliwahudumia wote. Hata katika vita vya mwaka 1888, Abushiri bin Salim alipopambana na Wajerumani, misheni haikushambuliwa, na maelfu ya watu wa mji, wa dini zote, walikimbilia katika viwanja vyake.

6. Kamusi na Wasiotajwa

Mwaka 1879 alifika pwani Padri Charles Sacleux, akakaa hadi mwaka 1898, zaidi Unguja na Bagamoyo. Alikuwa mtaalamu wa mimea na mpenzi wa lugha. Mwaka 1891 ilitoka kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1909 alichapisha sarufi ya Kiswahili na sarufi ya lahaja zake. Kazi yake kubwa kuliko zote, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa yenye zaidi ya kurasa elfu moja, ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, yeye akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Alifariki mwaka 1943.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka pia kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki chini ya Frederick Johnson. Kazi hizo mbili zina shabaha tofauti. Kamusi ya Kamati ilifuata uamuzi wa mwaka 1928 wa kuifanya lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nayo ilitaka kutuongoza kwenye usemi mmoja. Sacleux aliandika kama mtu anayekusanya majani porini: kila lahaja kwa jina lake, Kiunguja, Kimvita, Kiamu, Kimrima na nyinginezo, kila mmea kwa jina lake la kisayansi, kila neno na asili yake kwa kadiri alivyoweza. Ndiyo maana mtafiti wa lahaja na wa etimolojia hawezi hadi leo kuipuuza.

Lakini maneno hayo yote yalitoka vinywani mwa watu. Mtu hapati majina ya mitishamba, ya sehemu za jahazi, ya vyombo vya jikoni na ya magonjwa ya watoto kwa kukaa maktabani. Ameyapata kwa kuuliza. Wavuvi walimjibu, wakulima walimjibu, wanawake wa kijiji cha misheni walimjibu, waganga na walimu wa mjini walimjibu. Wengine kati yao walikuwa wamejifunza Kiswahili utumwani, kikawa lugha ya nyumba zao na lugha mama ya watoto wao. Jalada la kamusi lina jina moja tu.

Bagamoyo hiyohiyo inatupa mfano wa kulinganisha. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na mji huo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho yeye ndiye mwandishi wake mkuu, kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, mhariri wake. Ilipofika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ililirudisha jina la Mtoro katika kichwa cha kitabu, na kando yake wakatajwa, kwa jumla, Waswahili wengine walioshiriki. Miaka 78 ilipita kabla ya haki hiyo ndogo kutendeka, tena kwa mwandishi ambaye jina lake lilikuwa limehifadhiwa. Waliomjibu Sacleux hawajapata Allen wao.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kanisa la Bagamoyo ni hati ya historia ya Kiswahili, sawa na kamusi iliyoandikwa katika mazingira yake. Kanisa lilipokea msamiati uliotayarishwa na Waislamu wa pwani, likautumia kusema na watu waliotoka sokoni, na kwa watu hao maneno yakabeba uzito ambao hayakuwa nao kwa wahubiri wenyewe. Mwanafunzi anayeandika kwamba komboa ni sitiari ya kidini ana haki, mradi aongeze kwamba palikuwapo mahali na wakati ambapo haikuwa sitiari.

Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwa walimu: ziara za wanafunzi Bagamoyo zisiishie kwenye mnara na hadithi ya Livingstone. Zipangwe kuwa masomo ya semantiki ya kihistoria, mwanafunzi akiwa na kamusi ya Sacleux mkono mmoja na Desturi za Wasuaheli mkono wa pili, na msikiti na kanisa vyote viwili viwe katika ratiba. La pili ni kwa watafiti. Kanuni za Kanisa Katoliki zinaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Vitabu vya namna hiyo, pale vilipohifadhiwa, ndipo mahali pa kuanzia kwa anayetaka kuwajua kwa majina wale ambao Kiswahili chao kimeingia katika vitabu vyetu. Mwaka 2025 Bagamoyo imefanywa kuwa jimbo, ikimegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Mabadiliko ya kiutawala ya aina hiyo mara nyingi huhamisha kumbukumbu za zamani, na zinapohama ndipo zinapopotea. Wakati wa kuomba ruhusa ya kuzisoma na kuzinakili ni sasa.

Deni la fedha hulipwa kwa fedha. Deni la maneno hulipwa kwa kutaja. Wasemaji wa Bagamoyo walitupa maneno bila kudai malipo, na kilichobaki kwetu ni kuwatafuta, na tukiwapata, kuandika majina yao mahali panapostahili.